Kutoka Nshike Hadi Tuamzigo

Maskati ya miaka ya tisini, ukimuuliza mtu kwake wapi, hakutajii jina la njia. Atakwambia, "Shika barabara ya Wattaya, ukishayapita maonyesho ya magari hesabu mizunguko miwili, msikiti mkono wa kulia, geti la kijani." Mwenye geti akilipaka rangi nyengine, wageni ndo wamepotea. Njia zilikuwa na namba, serikali ilizitia, na mie mwenyewe nilikuwa mtumishi wa serikali, lakini sijamsikia mtu akizitumia. Mama akitucheka. "Mji mzima huu, mashaallah, na mtu hawezi kukwambia anakaa wapi!"

Lakini naye alikuwa na mahali pake asipopajua, na hapo kicheko kilikuwa kikimwishia. Hakujua mama yake amezikwa wapi.

Bibi yangu alifia Pemba, mwaka mmoja hivi kabla ya mapinduzi, kwenye shamba la karafuu la babu. Sisi Waislamu wa madhehebu ya Ibadhi hatuandiki majina makaburini. Mwanamke huwekewa mawe matatu, mwanamume mawili, basi, khalas. Anayejua kaburi la nani ni yule aliyezika. Waliozika walikuwa babu na ndugu yake, na wote wawili walikuja kufia huku Omani bila ya mtu kuwauliza. Watu wa ajabu sisi! Babu tulimuuliza karafuu zilikuwa zikitoka gunia ngapi, nyumba ilikuwa na vyumba vingapi, farasi alikuwa rangi gani. Lakini "Umemlaza wapi mkeo?" hapana aliyethubutu. Mama alisema kumuuliza baba yake neno lile ni kumkwaruza kidonda, na yeye kalelewa haulizi.

Na yeye mwenyewe hakuona. Wanawake kwetu hawafuati jeneza. Isitoshe, alikuwa mwari, ameshawekwa ndani tangu alipovunja ungo, na ndani ya enzi zile ni ndani kweli: uani, chumbani, ukumbini, na dirisha la ghala lenye nondo. Jeneza la mama yake lilipotoka kwa mlango wa nyuma, yeye alikuwa kwenye dirisha lile, nalo linatazama mbele. Mwaka uliofuata yakatokea yaliyotokea, wakaondoka na nguo walizovaa, na dirisha likabaki huko.

Nilipokuwa mdogo sikuelewa kwa nini jambo hili linamla hivi. Bibi amekufa, Mungu anajua alipo, si basi? Nilipomwambia hivyo siku moja alinikata jicho. "Mungu anajua," alinambia. "Lakini anayepita pale hajui kama pana mtu. Nani atasimama amwombee? Mie namwombea kutoka hapa Mawaleh, mwanangu, na malori ya vitunguu yananipita mlangoni. Nataka mtu mmoja tu asimame pale kwa miguu yake amwombee. Mmoja tu, kabla sijafa." Tangu siku ile sikumfanyia maskhara tena kuhusu hilo, na mie kwa maskhara sijambo.

Kaka yangu ndiye aliyekwenda. Alikuwa na duka la viyoyozi, anapumua kidogo majira ya baridi, na katikati ya miaka ya tisini njia ya kwenda Unguja na Pemba ilikuwa imeshafunguka, watu wanakwenda na kurudi. Mama alimfungia dishdasha mpya, kanzu ya huku, akamsomea dua, akampa udi wa kuwapa watakaomkirimu. Tukakaa kusubiri.

Alirudi na uso umemshuka na kopo la halua ya Wete, huko Pemba.

"Halua?" mama akasema. "Nimekutuma halua mie? Unaleta halua Maskati, kwa wenyewe?"

Maskini kaka. Alikwenda akauliza shamba la babu. Alilitaja jina la babu kwa ukamilifu wake, jina la baba yake, la babu yake, na la kabila juu, kama anavyolitaja mtu akiwa Nizwa, huku Omani. Watu wakamtazama. Shamba la nani? Yale mashamba serikali ilishayakata eka tatu eka tatu na kuwagawia raia, na kila eka tatu zina mwenyewe, na mwenyewe ana wajukuu. Jina la babu liliondoka na babu. Nyumba zilizoanguka ziko nyingi, zote zimeota majani, na kila mzee akamwonesha yake. Kosa hilo ni letu sisi khasa. Sisi tunaoitwa Wazanzibari huku na Wamanga kule, tukisema mahali tunamaanisha mwenyewe. "Kwa fulani." Tunadhani ardhi inamjua mtu kwa sababu aliwahi kuwa na hati yake.

Mama hakulia. Aliingia chumbani akafunga mlango, na chakula cha mchana siku ile hakula. Mie nilimwandama kaka. "Umekwenda kuuliza kama dalali," nilimwambia. "Si ungeuliza mlima, si ungeuliza mto? Mlima nani kaugawa?" Akanijibu, na haki yake, "Mlima unaitwaje, basi? Nambie. Mto unaitwaje?"

Sikujua. Nikasubiri mama atoke, nikamuuliza. Na yeye akasimama pale mlangoni na leso yake, akafikiri, akafikiri, mpaka nikaona haya kumuuliza.

"Mie nlikuwa ndani," akasema.

Alijua Sakafuni, kwa sababu ni uwanja wa saruji mbele ya nyumba uliokuwa ukianikwa karafuu, akiuona kwa dirisha. Na alijua neno jengine moja, kwa kulisikia tu. Wachumaji wakimaliza kazi jioni walikuwa wakiitana kwa mbali: "Tungojane Nshikeee!" Alilisikia miaka na miaka. Nshike ni mtu, ni mti, ni duka, hakujua. Msichana wa nyumba ile haulizi wachumaji wanangojana wapi.

"Basi tumtafute aliyekuwa nje," nikasema. "Hapana mtu Maskati nzima aliyekuwa akipita zile njia kwa miguu?"

Mama akaikunja leso yake. "Yupo," akasema, akaufunga mdomo.

Ilinichukua wiki kadhaa kumfungua. Yupo, na si mbali: Mabela, mwendo wa robo saa kwa gari. Nilimjua kwa kumuona maharusini, bibi mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara, akicheka huku anajifuta machozi. Nilikuwa nimeona kwamba mama akimpa mkono humpa ncha za vidole. Sababu yenyewe ikatoka kidogo kidogo. Baba yake yule bibi alikuwa Mmanga kama sisi, lakini Mmanga wa dukani, wa kuuza chumvi na mafuta ya taa na papa mkavu kwa wachumaji. Binti zake walikuwa wakitembea na miguu mitupu, wakipeleka vitu mashambani. Babu alikataza watoto wake wasicheze nao. Huku Omani dunia ikageuka: watoto wa yule bibi wakawa wakubwa, mmoja daktari, mmoja na cheo kikubwa, na mama bado anampa ncha za vidole, kwa mazoea tu, wallahi, hata sababu yenyewe imeshakufa.

"Nikamwambie nini?" mama akaniuliza. "Kwamba leo nna haja naye?"

"Mwambie hivyo hivyo," nikasema. "Kuuliza si ujinga."

"Si ujinga," akasema. "Ni haya."

Tulikwenda siku ya Alkhamisi asubuhi. Mabela ya wakati ule ilikuwa vumbi na majumba mapya yasiyopakwa rangi, viwanja vimepimwa kwa vigingi, na mie nilizunguka mpaka mama akaanza kusema turudi. Tulimkuta yule bibi amesimama barazani kwake, mikono kiunoni. Alitutazama tukishuka. Mama akatoa salamu. Yule bibi akaitika, akamtazama juu mpaka chini, akasema:

"Lo! Leo njia ya kwangu imeonekana?"

Nilitaka ardhi inimeze. Lakini mama, na hili namshukuru Mungu kwamba nililiona kwa macho yangu, mama hakukunja uso. Alisema, "Njia siijui, shoga. Ndo nlokuja kukuuliza. Njia zote sizijui mie, za hapa na za kule."

Yule bibi alishuka ngazi zile tatu upesi kuliko nilivyodhani anaweza, akamshika mama mkono wote, si vidole. "Ingia, ingia, jua kali," akasema. "Mwanzo ule, halafu uniulize. Mkono mtupu haulambwi, na tumbo tupu halikumbuki."

Tukala vitumbua na samaki wa kukaanga, na kahawa ikaja na tende. Mama akaeleza yote: jeneza, dirisha, kaka na halua yake. Yule bibi akaangua kicheko kwenye halua, kisha akajifuta macho, na sijui yale yalikuwa machozi ya kicheko au ya kitu chengine. Halafu akasogeza sinia pembeni, akatandaza mkeka.

"Hapa kwenu," akasema, akaweka chetezo. "Nyumba kubwa. Wewe umo ndani, umenuna."

"Sikuwa nkinuna."

"Ukinuna! Tukikuona dirishani. Tukisema, yule mtoto maskini kafanya nini hata wamfunge." Siku zote mama akidhani ndiye aliyekuwa akiwatazama wao.

Yule bibi akaendelea kuweka vitu. Vikombe vya kahawa vikawa vilima. Kokwa za tende akazipanga zikawa njia. Kila kitu alikiweka na jina lake, na kila jina na sababu yake, na kila sababu na mtu aliyeanguka, aliyeoa au aliyekimbiwa na mbuzi. Mtondooni, penye mtondoo mkubwa ambao watoto wakiokotea tondoo wachezee. Chungwakali, pana mchungwa mmoja tu na hakuna aliyewahi kumaliza chungwa lake. Gogoni, penye mto, na juu ya mto limelazwa gogo la mnazi la kuvukia.

"Na Nshike?" mama akauliza. Niliona mikono yake imekamatana mapajani.

"Nshike ndo hapa." Yule bibi akaweka kidole baina ya chetezo na Gogoni. "Mteremko. Udongo mwekundu, mvua ikinyesha hausimamiki. Kila mtu akifika pale humwambia mwenziwe, 'Nshike, nshike!' Ndo maana wachumaji wakingojana hapo. Hateremki mtu peke yake."

Mama alikiangalia kile kidole. Kisha akasema jambo ambalo mie mwanawe sijalisikia hata siku moja.

"Siku ile nlisikiliza. Walitoka kwa mlango wa nyuma wanasema la ilaha illa Llah, wote kwa pamoja, sauti kubwa. Zikaenda, zikaenda. Halafu zikaanza kukatika. Mara huyu, mara yule, haziendi pamoja tena. Halafu kimya. Kimya kabisa! Nkajua basi, wameshafika, wanamtia kaburini. Nkaanguka pale pale. Lakini nlipoinuka nkazisikia tena. Ndogo, na ziko juu. Mie nliona nimepandwa na wazimu."

Yule bibi aliinua mkono kama anayemnyamazisha mtu, na hapana aliyekuwa akisema. "Ngoja," akasema. "Zilikatika?"

"Zilikatika."

"Nshike. Wanashikana wasiteleze na jeneza, atasoma nani na roho iko miguuni? Na kimya?" Akagusa kokwa iliyofuata. "Gogoni. Pale hapiti watu wawili. Jeneza hupokezanwa mkono kwa mkono, na watu hubana pumzi mpaka livuke. Na likishavuka wanapanda," akaweka kikombe cha mwisho, ng'ambo ya mto, "hapa. Tuamzigo. Mlima mrefu, na juu kabisa pana tambarare, kila aliyebeba pakacha hulitua apumzike. Ukiwa juu pale sauti inakwenda mpaka kwenu. Tukipiga kelele pale makusudi kukuudhi."

Akamtazama mama. "Zilishuka tena, zile sauti?"

"La. Ziliishia huko juu."

"Basi mama yako yuko Tuamzigo."

Mama aliinama akakigusa kile kikombe kwa ncha ya kidole. Mie nilitoka nje kwenda kuangalia gari, gari ambalo halikuwa na neno lolote. Nilipokuwa nje nilifikiri juu ya wale watoto wawili, mmoja nyuma ya nondo ana sauti bila njia, mmoja nje ana njia bila kujua nani kapitishwa, na wote wawili wamekuwa wakikutana maharusini Maskati zaidi ya miaka ishirini, wanakula biriani sinia mbalimbali. Nilimshukuru Mungu na nikawakasirikia wote wawili, kwa pamoja.

Tangu siku ile Alkhamisi ikawa ya Mabela. Kaka hakuweza kuondoka mara moja. Biashara ilimwelemea, halafu mkewe akajifungua, halafu akaugua mgongo. Miaka ikapita, tukaingia elfu mbili. Lakini majina hayakukaa kimya kumngoja. Yule bibi hakuwa mtu wa kuficha kitu, na habari ya mkeka ikasambaa. Akaja bibi mmoja wa Ghubra na mwanawe, wanatafuta kisima cha wakfu cha kwao. Akaja mzee wa Tabora, wa bara kabisa, akasema, "Mie Pemba siijui, lakini nina mto wangu nimeusahau jina na unaninyima usingizi." Mama na mwenziwe wakimuuliza kila mtu swali moja, nalo lilikuwa la mama: "Usinambie la nani. Nambie palikuwa pana nini, na watu wakifanya nini hapo." Na mtu akikaa akafikiri, jina linakuja. Mzee wa Tabora mto wake ulimjia akiwa anavaa viatu kuondoka. Alirudi ndani na kiatu kimoja mkononi kututangazia.

Watoto nao wakashika. Wanangu, waliozaliwa Maskati na Kiswahili chao cha kuchanganya, wakaanza kuita ule mteremko wa changarawe nyuma ya shule yao Nshike. "Mama, taal, njoo, tungoje Nshike!" Sikuwakataza. Mama alipowasikia alikaa kitako kwenye ngazi akacheka mpaka akapaliwa.

Lakini mama alikuwa anadhoofika. Sukari ilimshika, macho yakaanza kuingia ukungu. Kila Ijumaa akiniuliza, "Kaka yako mgongo haujambo?" na mie najua anauliza nini. Mwishowe kaka, mgongo na yote, akafunga duka, akaondoka. Safari hii mama hakumfungia dishdasha wala udi. Alimkalisha, akamtajisha: Sakafuni, Nshike, Gogoni, Tuamzigo. Akikosea anarudia mwanzo. Mtu mzima mwenye mvi, anasomeshwa kama mtoto wa chuo cha Kurani.

Siku aliyopiga simu ilikuwa alasiri. Tulikuwa Mawaleh, mama, yule bibi wa Mabela na mie, na simu ya mezani ilikuwa na spika, nikaibonyeza ili wote wasikie.

"Nimefika," kaka akasema. "Nimeshashuka sasa, niko Chake Chake, nimetoka huko."

Mama akaisogelea simu kwa magoti. Yule bibi akamjibia kwa kelele: "Sema, baba, sema!"

Akasema. Safari hii hakumtaja babu. Aliuliza Nshike iko wapi, na wa mwanzo tu aliyemuuliza, mwanamke anayeuza muhogo, akamwonesha kwa kidole. Nshike sasa ina ngazi za saruji. Gogoni gogo hakuna, pana daraja dogo. Alipouliza Tuamzigo vijana wakatazamana, mpaka mzee mmoja akasema, "Ah, hivyo ndo tukipaita zamani. Siku hizi watu wanapaita Mtungini." Wakampandisha. Juu pale pana mtungi mkubwa chini ya kibanda cha makuti, umejaa maji, na kata ya kuchotea juu yake. Nyuma ya mtungi, hatua chache, pana kaburi moja la mawe matatu, limepaliwa majani.

"Mtungi?" mama akasema. "Mtungi gani?"

Yule bibi akatikisa kichwa. Hata yeye hakuujua. Kwao walikuwa wameshahamia mjini miaka ya mwisho ile.

Kaka akasema alimuuliza yule mzee. Mzee akamwambia ni sabili, maji ya sadaka kwa wapita njia, ya bibi wa nyumba ya chini kule, Mwarabu. Mwaka aliougua alituma mtungi uwekwe hapo juu, wachumaji wakitua mizigo wapate maji, na kila asubuhi mtumishi wake akiupandishia maji. Alipokufa, kwa wasia wake, mumewe alimleta hapo hapo. Jina lake hawakulijua. Jina la mwanamke wa nyumba ile lilikuwa halisemwi nje.

Mama alikuwa ameuziba mdomo kwa leso. "Nkimwona," akasema. "Nkimwona mtumishi akitoka na maji kila asubuhi. Nkidhani ya kuku."

"Nikawauliza," kaka akaendelea, "nikawauliza, baada ya sisi kuondoka, nani kautia maji? Mzee akanambia, 'Eka tatu tulipewa na serikali. Mtungi hatukupewa na mtu. Tuliukuta una maji, hatukuweza kuuacha mtupu.' Anayepanda kutoka Gogoni huja na ndoo. Mtungi ukipasuka wananunua mwengine. Nimemuuliza huu wa ngapi, akacheka."

Mie nilikuwa nalia waziwazi, sioni haya kusema. Watu wale mama alikuwa akiwaita "wale," tangu nizaliwe. Wale walioko huko. Wale waliokaa kwetu. Nashukuru, na nitawashukuru mpaka nife, na nashukuru kwamba mama alikuwa hai kuwasikia.

"Nimesimama nikamwombea, mama, kama ulivyonituma," kaka akasema. "Lakini nikwambie kitu. Nilipokuwa nasimama pale akaja mwanamke na pakacha la ndizi, akalitua, akachota maji, akanywa. Alipomaliza akasema, 'Mungu amrehemu mwenyewe.' Nikamuuliza unamwombea nani. Akasema hamjui. Ndo desturi ya hapa, akasema, hanywi mtu akaondoka bila ya kusema hivyo. Kila mtu. Tangu yeye yu mtoto, na mama yake kabla yake."

Simu ikakoroma kidogo, kaka akasema kadi inakwisha, ikakatika.

Mama alibaki kuiangalia. Nilimshika bega. Miaka arubaini aliomba mtu mmoja tu.

"Kila siku," akasema taratibu, hakuwa akisema na mie. "Wamemwombea kila siku. Wote. Alokosekana ni mie tu."

Yule bibi wa Mabela alijisogeza juu ya mkeka mpaka magoti yao yakagusana, akamfuta uso kwa kanga yake mwenyewe.

"Basi, shoga," akamwambia. "Ndo ushafika."